Maji Matupu kwa Mtoto wa Farasi

Begimai shoga yangu, nimeharibu!

Yule mtoto wa farasi anayeharisha, asubuhi nzima nimemnywesha maji matupu kwa chupa. Nilidhani namwokoa!

Saa sita akaanguka, akashikwa na degedege.

Daktari wa mifugo kapima damu: "Chumvi imeshuka mno. Nani kampa maji matupu?"

NANI KAMPA. Nikanyamaza, Begimai. Nikanyamaza!

Baba mkwe akadakia, "Mimi, daktari. Uzee huu." Na alikuwa malishoni tangu alfajiri, ndiyo kwanza karudi!

Sasa dripu ya chumvi inaingia polepole. Degedege limekoma, ananyonya kidogo.

Nikamfuata baba mkwe nalia. Akasema, "Mbele ya watu nimekusitiri, mwanangu. Kwa daktari nenda mwenyewe."

Nimetoka kwa daktari sasa hivi. Nimesema yote.