Mfuko Mwepesi Uliokuwa Ukinitafutia Gikomba

Baba yangu mpendwa,

Kuna jambo nilikuficha ukiwa hai, na tangu tukurudishe Bungoma kukuzika halinipi raha. Nimejaribu kumwambia Mama nikashindwa. Acha nikuambie wewe mwenyewe, ingawa najua nimechelewa.

Unaikumbuka ile Jumamosi ulipofunga kibanda chako mapema ukanipeleka Gikomba? Nilikuwa kidato cha tatu na nilikuwa nimejiunga na klabu ya wapanda milima ya shule. Tulikuwa tunaenda Nyandarua, na mwalimu alituambia hakuna mahema: tutalala chini, kila mtu ndani ya mfuko wake wa kulalia, juu yetu karatasi ya nailoni tu. Na kwa kuwa mzigo wako utaubeba mwenyewe kutwa nzima, alisema, tafuta mfuko mwepesi unaokunjika ukawa mdogo. Uminye kwa ngumi. Ukiuachilia, ujae tena wenyewe. Zipu ifike kidevuni.

Kwa Mama Mwende, yule muuza mitumba wa karibu na mto, tulikuta miwili. Wa buluu ulikuwa mnene kama gunia la viazi. Wa kijani ukikunjwa haukuzidi mkate. Niliuminya wa kijani, ukajaa tena, nikajua ndio huo. Wewe uliupima kiganjani, ukacheka mpaka ukakohoa.

"Mama," ukaniambia, maana hukuwahi kuniita jina lingine tangu unipe la mama yako, "hii ni ngozi tupu. Nyama iko wapi?"

"Mzee, huo wazungu wanalalia kwa barafu," Mama Mwende akasema.

"Basi hao wazungu wako na damu moto. Huyu wangu ni Mbukusu."

Ulinichagulia wa buluu. Nikanuna. Unajua nilivyokuwa nikinuna, mdomo kama wa bata, na wewe hukuwahi kuuweza huo mdomo. Tukarudi nyumbani na wa kijani.

Lakini ulikuwa fundi wa magodoro, Baba. Nusu ya Kariobangi ililala juu ya pamba uliyoichambua kwa mikono yako, na pamba hiyo ilikwisha kukuharibu kifua. Kwako godoro jembamba lilikuwa wizi. "Mteja akisikia mbao mgongoni," ulikuwa ukisema, "fundi amemwibia." Ningejuaje kwamba moyo wako haungetulia na mfuko ule?

Siku moja kabla ya safari nilitoka shule nikaukuta juu ya kitanda changu, umevimba, umeshonwa upya kwa ule uzi wako mweupe wa magodoro. Mama alinisimulia, huku akijizuia kucheka, jinsi ulivyoufumua ukakuta manyoya. "Wametuuzia manyoya ya kuku!" ukapiga kelele. Ukayakung'uta yote nje, ploti nzima ikawa nyeupe, watoto wakiyakimbiza, halafu ukaujaza pamba. Pamba ya daraja la kwanza, ile uliyokuwa umemwekea mteja wa Buruburu. Uliushindilia kama godoro la bwana harusi.

Ulisimama mlangoni ukingoja niseme kitu. Nikasema asante. Nilikuwa nimekasirika hata sikuweza kukutazama.

Huko milimani sitakuchosha kwa mengi. Nilikuwa na bonge kubwa mgongoni kuliko wavulana wote. "Niaje, Godoro!" wakaniita kabla hatujafika hata nusu ya njia. Jioni ukungu ukashuka, na pamba, unavyoijua, ikaunywa wote. Nililala ndani ya tope. Alfajiri mwalimu aliniokota nikitetemeka, akanivika koti lake akaniketisha kando ya moto, kisha akasema mifuko ya milimani hujazwa manyoya kwa ajili ya joto, akauliza ni nani aliyeutia ule wangu pamba.

"Ni fundi fulani tu, huko kwetu," nikajibu.

Fundi fulani, Baba. Nilisema hivyo.

Niliporudi nilikuja moja kwa moja kibandani, mbele ya wateja, nikautupa ule mfuko miguuni pako ukiwa bado unachuruzika. Nikakuambia wewe unajua magodoro tu, kwa nini hukuuliza, ulitaka nife huko? Mtoto wa Kibukusu kumsemea baba yake hivyo mbele za watu! Yule mama aliyekuwa akinunua mito alishika mdomo. Nilingoja unizabe kofi, na ungenizaba leo ningekuwa na nafuu.

"Pole, Mama," ukasema. Ukaokota mfuko ukaanza kuukamua.

Sasa nakuja kwenye lile nililokuficha. Wiki iliyofuata niliiacha klabu. Si baridi iliyonitoa. Niliona haya kuitwa Godoro. Ila sikukuambia. Kila Jumamosi ya safari nilivaa raba zangu kama kawaida nikaaga kwamba naenda na wenzangu milimani, kumbe nakwenda Donholm kwa rafiki yangu, nalala huko huko, tunatazama video. Ulinisindikiza mpaka barabarani. Kila mara uliniuliza nitalalia nini, nami nikakujibu kwa mkato kwamba nitaazima. Nilimaliza shule hivyo, na hata nilipoanza kazi sikuona haja ya kuyafukua, nawe ukaendelea kuamini kwamba napanda.

Wakati wa matanga yako, Mama Mwende alikuja nyumbani na sukari na majani ya chai. Nilikuwa nimemsahau, yeye ndiye aliyenikumbuka. Akaniketisha kando akaniambia kwamba kila alipofungua robota la mitumba ulikuwa pale, miaka yote hiyo. Kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe, na kifua kile. Mwanzoni alikucheka, kisha akakuonea huruma akawa anakuwekea kiti. Ulikuwa umejifunza, alisema. Unaminya kwa ngumi, unaachilia, unatega sikio ukisugua kitambaa. "Hii ni pamba," unasema, unairudisha. "Hii ni nzito, yeye anabeba mwenyewe."

Alisema mfuko mmoja wa manyoya ulifika wiki uliyolazwa. Akauficha chini ya meza, akingoja upone uje. Aliposikia habari, akauuza. Nilimuuliza aliuuzia nani. Hakumbuki.

Ungekuwa umekaa nyumbani, Baba. Neno moja tu kutoka kwangu lingekuweka nyumbani uuguze hicho kifua, nami sikulisema kwa sababu nilitaka kwenda kutazama video. Madaktari walituambia ni vumbi la pamba. Mimi najihesabia zile mvua.

Mama Mwende alinishika mkono kabla ya kuondoka. "Mzee alikuwa anajivunia sana. Alikuwa anaambia kila mtu msichana wake analala juu ya milima. Si bado unapanda?"

Watu walikuwa wameanza kuimba. Nikamjibu, "Ndiyo, Mama, bado napanda."

Pumzika, Baba. Nisamehe.

Ni mimi, binti yako uliyempa jina la mama yako.