Gari Jekundu la Wanjala

Kampala, 9 Machi 1975

Dada Teresa,

Hujambo huko Bungoma? Magoti yameacha kukusumbua? Sisi huku wazima. Mke wangu Filda anakusalimu sana. Ametoka kazini sasa hivi, amelala na viatu miguuni.

Dada, kaa chini kwanza. Nimenunua gari la zimamoto! Lile lililokuwa likisimama uwanja wa ndege kungoja ndege ishike moto. Lilikuwa mnadani, watu wakalicheka, mimi na Oryem tukalichukua. Oryem alikuwa dereva wake huko uwanjani. Analipangusa vioo utadhani ni mtoto wake. Tanki lake ni kubwa ajabu, na lina pampu ya kuvuta maji ziwani.

Unaijua zahanati ya masista anakofanya Filda ukunga, huku karibu na kilima cha Lubaga. Mabomba ya kilimani yamekauka. Mtoto anazaliwa, Filda anamwosha kwa kikombe kimoja cha maji. Nimesema basi, nitayaleta mwenyewe kutoka ziwani, bandari ya Port Bell.

Sasa kuna aibu moja. Siku tuliyolileta nyumbani majirani walijaa, wakaomba wasikie pampu inavyonguruma. Oryem alikuwa ameenda kununua sigara. Nami kwa kujionyesha nikaiwasha bila maji! Ikaunguza sili, ule mpira wa duara unaozuia maji yasivuje. Oryem hanisemeshi hadi leo. Hapa Kampala sili kama hiyo haipatikani hata kwa magendo. Nitafutie Kisumu, dada, umpe Awiti mchuuzi, huyu huyu aliyekuletea barua. Za posta hufunguliwa na kusomwa.

Mdogo wako,
Wanjala


Bungoma, 2 Aprili 1975

Mdogo wangu Wanjala,

Barua nimeipata. Mimi sijambo, magoti yapo palepale. Msalimu Filda, mwambie avue viatu.

Wewe una akili kweli? Wakenya wenzako wanarudi nyumbani na magodoro vichwani, wewe unanunua gari jekundu la kuonekana na kila askari kutoka huko hadi Jinja! Watu wanachukuliwa mchana kweupe na hawarudi. Wakikuuliza Mkenya anafanya nini na gari la uwanja wa ndege, utawajibu nini? Mama alizaa sita, Wanjala. Tumebaki wawili.

Sili nimeipata. Iko kabatini kwangu, chini ya nguo za kanisani, na siitumi. Sikufichi. Gari bila pampu ni bati tu, likikushinda utarudi. Ukitaka kunikasirikia, njoo unikasirikie hapa, huku unakula.

Dada yako,
Teresa


Kampala, 11 Mei 1975

Dada Teresa,

Salamu. Magoti sikuulizi leo, nina hasira.

Kweli umenifanyia hivyo, dada! Barua niliitupa, Filda akaiokota, akacheka, akasema huyo ndiye wifi yangu hasa.

Basi sikiliza. Tanki tunalijaza kwa madebe. Tunalirudisha gari kinyumenyume hadi ukingoni mwa ziwa, tunapanga mstari: wapagazi wa bandari, akina mama wa mtaani, hata Ongom ambaye ni polisi, akitoka zamu. Debe linapita mkono kwa mkono hadi kwa Oryem aliye juu. Tunaanza asubuhi, tunamaliza jua limekuwa kali na migongo imekufa. Kule zahanati hatuhitaji pampu, tukifungua koki maji yanashuka yenyewe.

Juzi askari walitusimamisha. Mmoja akaniambia nishuke, gari libaki. Niliogopa, nami sikufichi. Mbele tulikuwa tumempakia Ajok, mama mjamzito aliyekuwa anaenda kujifungua. Akawafokea dirishani: "Nyinyi mlipozaliwa mlioshwa kwa mate?" Mmoja akacheka, wakatuachia. Kesho huenda wasicheke. Najua.

Lakini mtoto wa Ajok ameoshwa kwa beseni zima, na Filda akalia mbele ya masista bila haya. Siondoki, dada. Kaa na mpira wako.

Mdogo wako,
Wanjala


Bungoma, 28 Mei 1975

Wanjala,

Mimi mzima. Magoti hukuyauliza, basi yanauma.

Usingizi sipati kwa hasira. Nilidhani nimekufunga kamba, kumbe nimekuongezea mzigo. Awiti naye amenimaliza. Anasema alipitia bandarini akakukuta kwenye mstari, mkono umekatwa na debe, umefungwa kitambaa na kitambaa kimelowa damu. Hilo hukuniandikia!

Naja. Treni ya Alhamisi. Sili nimeishonea ndani ya pindo la gauni, mpakani wasiione. Msinipokee kwa vigelegele. Bado nimekasirika, na bado naogopa.

Mwambie Oryem asiwe na haraka ya kuifunga. Kwanza nataka nisimame kwenye mstari wenu asubuhi moja, madebe yanipitie mikononi, nimwulize kila mmoja jina lake na kwao ni wapi. Siji kukuchukua, Wanjala. Nataka kuwajua watu ninaowaachia ndugu yangu.

Dada yako,
Teresa