Maji Yanayoficha Miguu

Jumamosi. Ukungu umeshuka Tukuyu tangu asubuhi na hauna dalili ya kuondoka. Mimi pia sina raha.

Kesho mama yangu anabatizwa, na bwawa la kuogelea ninalolitunza, atakamobatizwa, limekuwa kama chai ya rangi.

Mama ni mtu wa kijijini Lupepo. Mdogo wake alichukuliwa na mto wakiwa watoto, na tangu hapo hajaingia kwenye maji yanayopita magoti. Mchungaji amembembeleza miaka mingi abatizwe. Alikubali siku nilipomleta hapa kwenye nyumba ya wageni ninakofanya kazi, akaona vigae vyeupe mpaka chini. Alisema ataingia, ilimradi aione miguu yake.

Wiki hii tulibadilisha maji, tukajaza ya kisima kipya. Yalikuwa maangavu, nikayanywa kwa kiganja. Sisi watu wa Rungwe tuna jeuri na maji yetu. Yanatoka mlimani, nani ahangaike kuyapima? Kipimo cha madini kiko stoo, sijakifungua hata mfuko. Nilitakiwa nipime chuma kwanza, nitie dawa ya kukishika, nisubiri, ndipo klorini ifuate kidogo kidogo. Leo asubuhi nilimwaga klorini yote kwa mkupuo, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi klorini ilikuwa imekigeuza chuma kuwa kutu majini, sikuiona ngazi ya pili.

Nimetia ile dawa, nimechelewa. Chujio linazunguka tangu mchana. Kwenye ngazi nimesugua kwa vidonge vya vitamini C vilivyosagwa, doa la kutu likatoka palepale niliposugua tu. Maji yenyewe hayajageuka. Na doa la ukutani linazidi kushuka kuelekea kwenye kina. Silipendi linavyokwenda.

Naogopa, niseme ukweli. Wala simwogopi bosi.

Jioni mama alikuja bila kuniarifu, nguo nyeupe ya ubatizo mkononi. Nilikuwa ndani, maji kiunoni, nikisugua ukuta. Nikaanza kumweleza habari za chuma na klorini, haraka haraka. Hakuwa akinisikiliza.

"Gwe mwanangu," akasema taratibu, "miguu yako iko wapi?"

Nikatazama chini. Sikuiona.

Alipoondoka hakuaga. Nguo nyeupe ameiacha kwenye kiti, imekunjwa vizuri, na mama si mtu wa kusahau vitu.

Chujio bado linanguruma. Kesho akija na maji yakiwa hivihivi, nitakuwa na mdomo wa kumwambia aingie?