Jani la Isale Lililokanyagwa Jukwaani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Moshi. Jumatatu, tarehe 16 Septemba 1996, saa 4:10 asubuhi.

Jina: Leonia Mathayo, mke wa Filbert Ebenezeri. Umri: miaka 23. Kabila: Mnyaturu. Dini: Mkristo. Elimu: kidato cha nne. Kazi: fundi cherehani. Makazi: Pasua.

Mimi niliyetajwa hapo juu ninaeleza kwa hiari yangu, mbele ya Koplo Eliufoo, niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimeonywa niseme kweli tupu.

Niliolewa na Filbert tarehe 24 Agosti mwaka huu. Leo ni siku ishirini na tatu. Koplo ameniuliza kama siku hizo zinahusiana na kesi. Nimemjibu zinahusiana, kwa sababu kosa nililofanya ni kosa la mtu mwenye furaha kupita kiasi.

Mume wangu ni seremala, na huandika michezo ya kuigiza. Anaandika vizuri sana. Mchezo wa Jumamosi ulihusu mwigizaji mweusi wa London, mwaka 1887, enzi za Malkia Viktoria. Filbert alisoma kwamba watu weusi walipanda majukwaa ya Uingereza nyakati hizo, wengine wakacheza wafalme, wakapigiwa makofi, kisha wakanyimwa chumba cha kulala nyumba ya pili. Mtu wake amembuni mwenyewe, anaitwa Mtui, na Filbert ndiye humcheza. Alitoka huku mlimani na msafiri wa Kizungu, na ndani ya sanduku lake alibeba jani la isale, mmea wa ua wa Wachaga, kutoka kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo.

Mwenye ukumbi anamlazimisha Mtui apake masizi usoni, kwa kuwa weusi aliozaliwa nao haujamtosha. Anamtaka apepese macho na kudondoka ovyo ili watu wacheke. Siku moja Mtui anamcheza mfalme kama mfalme. Anafukuzwa wakati wa baridi kali. Hana pa kulala, basi anafunga jani fundo, anapiga magoti na kuomba radhi kwa desturi ya kwao. Mwenye ukumbi analitupa na kulikanyaga. Ndipo Mtui anaosha uso mbele ya watu na kutaja jina lake, jina la baba yake, na jina la mlima. Hapo mimi hulia hata nikiwa kwenye cherehani. Jumamosi hatukufika hapo.

Mwenye ukumbi alichezwa na Hosea, rafiki wa Filbert na msimamizi wetu wa harusi. Alijipaka unga wa ngano uso mzima na kubandika sharubu za ndevu za mahindi. Alipotokea watu walipiga kelele, "Hosea, aisee, umekuwa andazi!"

Mzee Ebenezeri ni baba mkwe wangu, mkulima wa kahawa wa Old Moshi, umri miaka 71. Hakuwahi kutazama mchezo wowote wa mwanawe. Alikuwa akisema, "Mwanaume mzima kujipaka masizi!" Mimi nilimsihi wiki nzima. Ijumaa alisema, "Nitakuja kwa ajili yako, mkamwana." Nilifurahi mno, na Filbert alinibeba akanizungusha uani majirani wakitazama.

Filbert aliniagiza nishone jani la kitambaa cha kijani. Nilishona. Jumamosi saa 3 asubuhi tulikuwa kihambani kwa wazazi wake. Nililitazama lile jani langu nikaona linafanana na soksi. Nyuma ya nyumba, kando ya mawe ya zamani mwisho wa migomba, kulikuwa na isale inang'aa kwa umande. Nilitaka mume wangu ashike kitu cha kweli. Nilichuma jani moja refu na kuliweka kwenye sanduku la mchezo badala ya kitambaa, ili limshtukize kwa furaha. Nililibusu kwanza. Koplo amesema hilo si lazima liandikwe. Nimeomba liandikwe, kwa kuwa mwizi habusu anachoiba.

Sikujua kwamba kwenye mawe yale amezikwa babu yake Filbert. Sikujua kwamba isale huchumwa na mtu mwenye kosa la kweli na radhi ya kweli, na kwamba anayepelekewa hawezi kulikataa. Nimekulia kambi ya wakata miwa. Kwetu jani la ua ni jani la ua.

Mchezo ulianza saa 9 alasiri katika ukumbi wa kanisa. Mnamo saa 10:20 Filbert alifungua sanduku. Niliona mikono yake ikisimama. Alinitazama nilipokuwa pembeni ya pazia, mara moja tu, kisha akafunga fundo na kupiga magoti. Hosea alikuwa ameshusha kofia hadi machoni na aliamini ni kitambaa kama kwenye mazoezi. Alilitupa chini akalikanyaga kwa buti.

Mzee Ebenezeri alikuwa safu ya mbele. Baadaye alisema kwamba mchana aliona shina limechumwa, akanyamaza akisubiri kujua nani ana kosa. Alisimama akasema, "Hosea! Unakanyaga isale ya baba yangu!" Alipanda jukwaani akampiga Hosea fimbo ya kutembelea kwenye paji la uso. Alipiga mara moja. Damu ilishuka juu ya unga. Watu wa nyuma walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Hosea alishonwa nyuzi tano na fomu ya polisi ya matibabu, PF3, ilijazwa. Jumapili baada ya ibada Mzee alikuja mwenyewe kituoni, akawekwa mahabusu. Hosea, ambaye humwita Mzee "Meku" kwa Kichaga, amesema, "Meku aniombe radhi tu, nafuta kesi." Mzee amejibu, "Aliyekanyaga ndiye aombe." Wamebaki hapo.

Sasa nasema nililoficha. Jumamosi ileile Mzee aliuliza nani alichuma. Kabla sijafungua mdomo, Filbert alisema, "Mimi, baba." Mzee alimwambia, "Basi usiniite baba tena."

Njiani kurudi Pasua Filbert aliniapisha ninyamaze. Alisema yeye ni mwana, atasamehewa siku moja, bali mimi ni mgeni. Nilinyamaza siku moja na nusu. Leo alfajiri nilimwambia, "Filbert, nakupenda, lakini siwezi kukaa katika ndoa uliyoilipia kwa kumpoteza baba yako." Alinisindikiza hadi kwa mama yake, nami nilimweleza mama yote. Mama alinifundisha jani la kuchuma, mahali pa kulichuma na jinsi ya kulifunga. Limo ndani ya mkoba wangu.

Hosea hana kosa, alidhani ni kitambaa. Filbert hana kosa, alinifichia. Jani nililichuma mimi. Naomba niruhusiwe kumpelekea Mzee hili jingine, naye ajue ni la kweli.

Nimemaliza. Sina la kuongeza ila kwamba siku hizi ishirini na tatu, ukiondoa mbili za mwisho, zimekuwa nzuri kuliko zote.

Sahihi: Leonia Mathayo

Maelezo ya mpokeaji: Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi. Saa 5:40 asubuhi, kwa idhini ya Mkuu wa Kituo, alimpa mtuhumiwa, Mzee Ebenezeri, jani akiwa amepiga magoti. Mtuhumiwa alilipokea kwa mikono miwili. Saa 5:55 aliomba mlalamikaji, Hosea, aitwe kutoka benchi la nje, akampa jani hilohilo. Mlalamikaji alilipokea. Jalada linasubiri maelekezo. Mtuhumiwa aliniuliza mchezo ulikuwa uishe vipi. Kwa kuwa mimi siujui, nilimruhusu mwanawe Filbert, aliyekuwa akisubiri nje, aingie amweleze.

Koplo Eliufoo