Mfereji wa Paa Juu ya Mlango Wangu

Smrčevo,
Žabljak.
14 Machi 1988

Mpendwa dada yangu Darinka,

Pokea salamu zangu za moyoni, pamoja na za Vukota, ambaye hakuzitamka ila alikohoa nilipomwambia nakuandikia, na wewe unamjua, kwake huko ni kusema mengi. U hali gani huko Melbourne? Magoti yako yanasemaje? Na shemeji Tomo, bado anagombana na jirani yake kwa ajili ya jogoo?

Sisi huku tu wazima. Mkono wangu umeunga vizuri. Siku za baridi kali unanikumbusha kwamba upo, lakini nakandia unga na kukamulia ng'ombe kama zamani. Ng'ombe mwenyewe amezaa ndama jike mwenye baka jeupe usoni, mzuri ajabu na mkaidi kama watu wa nyumba hii. Upande wa kaskazini theluji bado inagusa madirisha, ila jua la Machi limeanza kuwa na nguvu.

Nimechelewa kukujibu na sababu unaijua. Barua yako ya vuli iliniuma. Uliandika kwamba Jelka ana haki, kwamba nikubali kushuka naye Perast nikae kando ya bahari, kwa kuwa mwanamke wa umri wangu hana biashara na barafu. Jibu ninalo sasa, lakini hutalielewa mpaka nikusimulie habari ya mifereji ya paa. Usicheke, vuta kiti.

Unakumbuka nilivyoanguka mwaka jana. Tangu Vukota alipoyang'oa mapaa ya mbao ya baba yake akaezeka bati, theluji haitulii tena juu kungoja majira yake. Kijua kikichungulia tu, paa linadondosha maji mbele ya mlango, na jua likizama maji yale yanakuwa kioo. Nikatoka asubuhi na ndoo ya maziwa, nikaruka kama msichana wa ngoma, nikatua kama gunia. Mkono ukavunjika, maziwa yakamwagika, aliyefaidi ni paka peke yake.

Jelka akaja mbio kutoka pwani na sharti lake. Ama mlango wa nyumba hii uwe mkavu wakati wa baridi, ama msimu mmoja zaidi ukiisha ananichukua, na baba yake akitaka abaki na ng'ombe. Vukota akajibu kwamba ng'ombe hana maneno mengi. Lakini jioni ile hakuugusa ugali wake wa kačamak, na wewe tangu lini umemwona Vukota akiacha kačamak yenye siagi? Mimi pia sikutaka kwenda. Nakuambia wazi, dada, niliogopa kuondoka kuliko nilivyoogopa kuanguka.

Aliyesema "nipeni mimi kazi hiyo" ni Frano, mumewe Jelka. Yeye ni fundi bati, na kwa kuwa pwani wakati wa baridi hakuna kazi, walikuja wote wawili Oktoba kukaa nasi mpaka majira ya kuchipua. Kijiji kikapata cha kusema. Mwanamume anayelala kwa wakwe zake! Wakasema Frano ameolewa, wakauliza mahari yake ilikuwa kondoo wangapi. Yeye anacheka tu. Ni mrefu, mpole, ana mikono mikubwa yenye makovu ya bati, na anakula chochote ninachompa.

Vukota hakutaka mifereji hata kuisikia. Alisema mfereji kwenye paa la mlimani ni kama hereni kwenye sikio la fahali. Frano akaikata, akaikunja, akaitundika nyumba nzima, ikameta kweli. Nami nilifurahi. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kwao pwani maji ya paa ndiyo maji ya kunywa. Yanakingwa yaingie kwenye kisima chini ya nyumba, na fundi anayepoteza tone moja anasemwa mpaka kanisani. Kwa hiyo aliipandisha mifereji juu kabisa, mdomo wake ukiwa umesimama mbele ya bati tayari kumeza kila kitu. Gojko wa jirani akapita, akasimama, akavua kofia kabisa.

"Vukota, mkweo katega nyavu? Kuna samaki gani huko juu?"

"Muulize mwenyewe," akasema Vukota. "Mimi hapa ni mpangaji."

Ikafika Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wetu. Nyumba imejaa, nyama ya moshi mezani, pombe ya rakija inazunguka, na Radosav, baba wa ubatizo wa Jelka, amekuja na gari lake jipya jekundu ambalo analipangusa kwa leso. Akaliegesha karibu na ukuta, eti lisipate upepo. Wiki nzima theluji ilikuwa imejilundika juu bila kutoa sauti, na wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mchana jua likatoka. Tulikuwa tumesimama, mkate wa sikukuu mikononi, tunauzungusha, ndipo paa likanguruma. Vikombe vikalia. Dirishani pakawa peupe, kisha tukasikia bati linalia kama nguruwe anayeburutwa.

Tulipotoka, gari la Radosav halikuwepo. Yaani lilikuwepo, ila chini ya kilima cha theluji, na juu ya kilima mfereji wa Frano umejikunja kama utumbo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Radosav peke yake hakucheka, alikuwa anachimba kwa sahani.

"Mtu wa pwani alitaka kukinga," akasema Vukota mbele ya wote. "Haya, kakinga."

Hapo sikumpenda mume wangu. Frano alichukua koleo, akalifukua lile gari bila kulikwaruza, kisha akaketi juu ya kuni akilitazama paa. Jelka akaja jikoni macho mekundu, akaniambia nikusanye nguo zangu, baada ya sikukuu tunashuka wote, imetosha. Nilianza kukunja shali zangu, na nilizikunja polepole sana. Frano akaingia kunawa, akaziona.

"Mama, hizo ni za nini?"

"Muulize mkeo."

"Jelka, niache nimalize kazi," akasema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikishindwa mara ya pili, nitayabeba mabegi mimi mwenyewe."

Kesho yake alikuwa juu ya ngazi tena anapimapima. Vukota amesimama dirishani, anahama mguu huu kwenda huu. Unajua mtu anayechukia mchezo lakini hawezi kuvumilia ukichezwa vibaya? Ndiye huyo.

"Atakosea tena," ananiambia.

"Basi kaa utazame, upate cha kusimulia kwa Gojko."

"Atakosea palepale, mwanamke! Palepale!"

Akavaa kofia, akatoka. Nikafungua dirisha kidogo nisikie.

"We wa pwani, shuka nikuoneshe kitu."

"Nikishuka utaondoka na ngazi, mzee."

"Ngazi yako ya nini? Nina yangu."

Akaleta ubao mrefu ulionyooka, akapanda, na umri wake ule, akaulaza juu ya bati kufuata mteremko mpaka ncha yake ikapita ukingo wa paa na kuchungulia nje. Akaugonga kwa ngumi.

"Theluji inapita hapa. Kilicho juu ya ubao huu ni chake. Kilicho chini ni chako."

Frano akaipima ile ncha kwa kiganja.

"Mbona hukuniambia Oktoba?"

"Oktoba hukuuliza."

Nilidhani watapigana. Badala yake wakaanza kufanya kazi, na kelele zao zilisikika mpaka barabarani. Waliishusha mifereji chini ya ule mstari wa ubao, wakaongeza vishikio vya chuma karibu karibu, na juu ya mlango wangu wakafunga vyuma vifupi kwenye bati, safu juu ya safu, vya kuishika theluji ishuke vipande vipande badala ya kuporomoka yote pamoja. Katika hayo Vukota alikuwa bwana mkubwa. Lakini ilipofika kuulaza mfereji wenyewe, yeye akataka uwe sawasawa kama meza, eti ukiinama nyumba itaonekana imelewa. Frano alimwaga jagi la maji ndani, maji yakatulia palepale katikati.

"Haya yakilala hapo usiku mmoja, yanakuwa kabari," akasema. "Kila kiungo kitapasuka."

Vukota akachungulia, akakuna kidevu.

"Basi inamisha. Lakini kidogo, watu wasione."

Bomba la kushushia maji wakalipitisha mbali na mlango, chini ya njia, mpaka bondeni nyuma ya zizi. Walimaliza kabla ya Krismasi yetu ya Januari, vidole vimekufa ganzi, na mezani waliketi upande mmoja. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo nilivyofikiri, ila sikusema, wangevimba vichwa.

Toka hapo, dada, nyumba hii ina mlinzi. Vukota aliyeita mfereji hereni sasa ndiye anayepanda kuzoa majani ya msonobari wa uani yaliyoangukia ndani, na anaukemea msonobari kana kwamba unafanya makusudi. Gojko alikuja na shoka kusaidia kuangusha mikuki ya barafu inayoning'inia, akafukuzwa kama mwizi. Barafu ya mfereji haipigwi shoka, Vukota akamfundisha, inamwagiwa maji ya vuguvugu na kuachwa iondoke kwa heshima. Maneno hayo ni ya Frano, neno kwa neno, lakini Gojko aliambiwa ni hekima ya ukoo.

Mtihani ulikuja Februari. Theluji ilianguka bila kupumzika, kisha ule upepo wa joto wa kusini ukavuma ghafla, ule unaokufanya uumwe kichwa. Tulijua siku imefika. Frano alikuwa amekaa mezani, mkono mmoja juu ya mwingine, hakunywa hata kahawa yake. Jelka alisimama nyuma yangu akanishika bega. Wote tulijua tunangoja nini. Vukota yuko wapi? Yuko uani, katikati, kichwa juu!

"Baba, toka hapo!" Jelka akapiga kelele. "Utazikwa!"

"Naangalia tu!"

Paa likaanza kunguruma. Upande wa nyuma theluji ilishuka yote pamoja, ikaruka juu ya mdomo wa mfereji kama farasi anavyoruka ua, ikatua uani, na Vukota akakimbia jinsi ambavyo sijamwona akikimbia tangu harusi yetu. Mbele, juu ya mlango, vile vyuma viliishika, ikashuka vipande vidogo vidogo. Kisha kukawa kimya. Tukangoja kusikia bati likilia. Halikulia. Tukasikia maji yanakimbia ndani ya bomba, mfululizo, kuelekea zizini. Nilifungua mlango. Kizingiti kilikuwa kikavu, Darinka. Nilikigusa kwa kiganja, na asubuhi ya pili, baada ya kuganda usiku kucha, nikakigusa tena. Kikavu.

Sasa nisamehe kwa jambo moja. Lile shati jeupe ulilomtumia Vukota kutoka Melbourne, lile alilosema tumzike nalo, halipo. Alilitoa sandukuni mbele ya macho yangu, akalitundika kwenye ngazi chini ya mfereji, kama mwenye nyumba anavyomtundikia fundi shati nyumba ikishaezekwa. Kwa mfereji! Nani aliwahi kuona? Akamwita Frano.

"Panda, upaze sauti."

"Niseme nini? Kwetu hakuna hii."

Basi mume wangu akasimama chini na kumfundisha, mstari kwa mstari, na Frano akapaza sauti mpaka milima ikajibu: mwenye nyumba Vukota, mtu wa ukoo bora na mkono mpana, amenitunza shati jeupe, Mungu ampe afya na miaka! Vukota alivua kofia akasikiliza sifa zake kwa unyenyekevu mkubwa, kana kwamba hakuzitunga mwenyewe. Gojko akauliza kutoka kwake kuna nini huko.

"Mwanangu amemaliza kazi!" akamjibu. Mwanangu, alisema. Shati lina mikono mifupi kwa Frano, lakini Jumapili analivaa.

Nakuja kwenye jibu lako. Jumapili iliyopita Jelka aliniuliza, "Sasa mama, tunafanyaje?" Wao wenyewe wanashuka Mei, kazi zinawangoja, na vuli watarudi kukaa nasi kipindi cha baridi. Nilishuka chumba cha chini, nikapandisha kapu la viazi vya mbegu, nikaanza kuvipanga karibu na jiko, macho ya viazi yakiangalia juu, vichipue tayari kwa shamba letu la hapa. Jelka akapiga magoti kando yangu, akachukua kiazi, akasema, "Hivi, mama, au hivi?"

Msalimie sana shemeji Tomo, mwanao Slavko na mkewe, na mpige busu mjukuu wako Andja mashavu yote mawili. Vukota, Jelka na Frano wanakusalimu. Mungu akulinde, dada, akupe usingizi mzuri na watu wa kugombana nao mezani, maana nyumba bila hao ni baridi hata huko kwenu kwenye joto.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Vidosava