Batoto ya Mugomba Wako Banalala mu Chupa

Tantine Kavira,

Baridi ya Butembo inanikula mpaka mu mifupa, mais ule mutoto wa mugomba wako, wenye ulililia siku niliukata, iko bien, muzima kabisa. Ku labo, kule banazalisha migomba mu chupa, balimukatakata, sasa amezaa batoto mingi mu chupa.

Jana rebelle moja, muasi wa bunduki, alikuja kubeba groupe, ile mashine ya kuwasha taa, na bila taa batoto ya chupa batakufa bote. Mama mwenye anachunga labo akamuambia: "Shii! Batoto banalala."

Akavua buti, akaingia polepole kama mwizi. Kuona ni migomba, akacheka sana, kisha akasema: "Batoto ya kwangu niliacha badogo hivi."

Akaenda, groupe akatuachia.

Donc hapana kulia tena: bajukuu yako bako na sentinelle wa kubalinda na bunduki. Mimi, hata blanketi hapana. Unikumbuke pale ku moto ya jikoni.

Kambale, mutoto wako wa inje ya chupa