Jumamosi za Kutafuta Mazabodi

Dada mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku miili ni mizima, na mama ameacha kukohoa. Ulinilaumu kwamba nakujibu kwa mkato kila ukiniuliza kwa simu habari za mdogo wetu. Hayo hayasemeki huku mama amekaa pembeni, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka alivyorudi kutoka chuoni baada ya kufeli mara ya pili. Alijifungia chumbani miezi minane. Chakula nilikiacha mlangoni, na mara nyingi nilikikuta palepale kimepoa. Kisha siku moja akanitokea jikoni na kiboksi mkononi. Ndani mlikuwa na prosesa, vipande viwili vya kumbukumbu, yaani RAM, na ile kadi ya picha uliyomletea wewe, vyote vya kompyuta yake ya michezo iliyoungua. Akasema kilichokufa ni mazabodi tu, ile bodi kubwa inayobeba vifaa vingine vyote, na kwamba akipata nyingine ataiunda upya. Niliacha vyombo kwenye sinki, Dada, nikamwambia Jumamosi tutaenda wote kuitafuta.

Tukaanza kwenda madukani kila Jumamosi. Kumbe kuchagua mazabodi ni kama kumtafutia mchumba mtu mwenye ndugu wakorofi: huyu akimkubali, yule anamkataa. Bodi ya kwanza soketi yake, pale prosesa inapokaa, haikulingana na prosesa. Ya pili iliipokea prosesa, lakini ilitaka RAM za kizazi kingine. Ya tatu ilikubali vyote, ila haikuenea kwenye kasha la kompyuta. Fundi mmoja muuza vifaa vilivyotumika, ambaye wote humwita Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe, alimtania kwamba huyu si mteja, ni mkaguzi wa serikali. Mdogo wetu akamjibu kwamba hajawahi kuona daktari anayeuza maiti. Nilicheka hadi watu wakageuka. Alinyoa ndevu. Ikafika wakati yeye ndiye ananisubiri, viatu keshafunga kamba, ananiuliza kama nadhani maduka yatanisubiri nimalize kujipaka mafuta.

Tulizunguka hivyo miezi mitatu. Jumamosi iliyopita tukapita tena kwa Daktari, naye akamuuliza mdogo wetu, kwa furaha kabisa, kama ile zawadi yake ya siku ya kuzaliwa inafanya kazi vizuri.

Sasa nakuambia nisichoweza kumwambia mama. Bodi inayolingana na kila kitu niliipata wiki ya pili tu. Nilipita dukani peke yangu nikitoka kazini, namba zote nimeziandika kwenye karatasi, Daktari akaishusha rafuni. Niliinunua, nikamwomba afunge mdomo, nikadanganya kwamba ni zawadi ya kushtukiza ya siku ya kuzaliwa ya mdogo wetu. Nilikusudia kumpa siku hiyohiyo. Lakini njiani nikamwona akilini mwangu akiiunda, akiiwasha, akinifungia mlango. Nikaificha chini ya kitanda changu. Nilijiambia namsubiri azoee watu kwanza. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba tangu uolewe sina mtu wa kutembea naye, na Jumamosi zile zilikuwa zangu pia.

Pale dukani mdogo wetu hakunigombeza. Aliniuliza tu niliinunua lini, nikamtajia tarehe. Akahesabu Jumamosi kwa vidole, taratibu, halafu akasema kumbe muda wote huo alikuwa anatembezwa. Tulipofika nyumbani nikamletea bodi. Akaisoma maandishi yake yote, akakiri kwamba nimechagua vizuri, kisha akanikabidhi pamoja na kile kiboksi, akaniomba nimtafutie mtu mwingine anayevihitaji. Alinishukuru, Dada. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru karani dirishani.

Nimemwomba radhi mara nyingi kupitia ubao wa mlango. Usimpigie simu, ameizima. Usifunge safari pia. Sijui utamwambia nini ambacho sijamwambia.

Mama anakusalimu. Anadhani mwanawe ana mafua. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Ningependa kuandika kwamba mdogo wetu naye anakusalimu, lakini tangu Jumamosi sijaisikia sauti yake.

Ni mimi mdogo wako,
wa katikati